Kuiwekea Akiba Siku ya Uzee
Somo kwa wainjilisti na washarika wa Kigoma, Ujiji na pwani ya ziwa

Soma kwanza: Mwanzo 41, mstari 46 hata 57; Mithali 6, mstari 6 hata 8; Luka 14, mstari 28 hata 30; 1 Timotheo 5, mstari 3 hata 8; Yakobo 5, mstari 4.



Kila mtu akaaye kando ya ziwa letu ajua ya kuwa ziwa lina majira yake. Siku za giza wavuvi hutoka jioni na taa zao, na watu wa Kibirizi na Katonga huziona taa hizo majini kama mji wa pili. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, na mitumbwi hukaa pwani. Tena mwaka 2024 tuliona jambo jipya. Kwa mapatano ya nchi nne zilizo kando ya ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Tarehe zilitangazwa mapema. Mwenye akiba alikuwa na cha kumvusha miezi hiyo 3. Asiyekuwa nayo ilimpasa kukopa au kuuza.

Uzee nao ni majira. Nguvu za mikono hufungwa kama ziwa, walakini hakuna tarehe iliyowekwa ya kuzifungua tena. Basi katika somo hili tutaangalia jinsi Mkristo apaswavyo kuiandalia siku hiyo, tena jinsi usharika upaswavyo kuwaandalia watumishi wake.

1. Je, kuweka akiba ni kukosa imani?

Wako ndugu wasemao: Bwana wetu alitukataza kuisumbukia kesho, kwa nini basi tuihesabu miaka ijayo? Twawajibu hivi: kusumbuka ni jambo moja, na kuandaa ni jambo la pili. Mwenye kusumbuka hukosa usingizi, asifanye kazi yo yote. Mwenye kuandaa hufanya kazi ya leo, kisha hulala, akimwachia Mungu yaliyobaki. Yusufu hakumkosea Mungu alipojaza ghala za Misri miaka 7. Aliitii maana ya ndoto aliyopewa. Mfalme Sulemani humtuma mvivu kwa chungu akajifunze, na Bwana mwenyewe ataja mtu ajengaye mnara, jinsi apaswavyo kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Hata Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alihesabu humo nyumba na shamba na fedha na utawala mwema. Vyote hivi tunavipokea mkononi mwa Mungu, nasi tutaulizwa jinsi tulivyovitunza.

Wengine husema: Watoto wangu ndio akiba yangu. Ni kweli kwamba amri ya nne yawaagiza watoto kuwaheshimu wazazi, na Mtume Paulo awaagiza watoto na wajukuu kuwatunza wajane wa nyumba zao. Lakini amri hiyo ni mzigo wa mtoto, si hati ya deni mkononi mwa mzazi. Mtoto aweza kuwa mbali, Dar es Salaam au Mwanza, naye ana watoto wake wa kulisha na kusomesha. Mzazi aliyejiandaa humfanya mtoto amtunze kwa furaha, wala si kwa manung'uniko.

2. Mali hubadilika sura

Watu wa Ujiji wana sababu ya kulijua neno hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1870, sokoni kwao fedha ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, ndogo, mfano wa vipande vya kiko vilivyovunjika. Kwa shanga hizo mtu alinunua samaki na muhogo na mawese. Kisha ikaja rupia ya Wajerumani. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 rupia nayo ikaondolewa: mwaka 1920 ikaja florini, na mwaka 1921 shilingi. Yeye aliyezika utajiri wake wote katika namna moja ya fedha, siku moja aliufukua akakuta si utajiri tena.

Katika siku zetu mambo ni yale yale, ila hupita polepole. Noti iliyofichwa chini ya godoro huliwa na bei zinazopanda, hata kama panya hawakuigusa. Na nyumba iliyojengwa karibu mno na maji yaweza kuondoka ziwa lipandapo, kama lilivyopanda katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: akiba ya uzee isiwe ya namna moja tu. Mtu awe na sehemu katika mfuko wa hifadhi, na sehemu katika shamba au nyumba, na sehemu ya fedha awezayo kuifikia upesi akiugua.

3. Mfuko wa hifadhi na hesabu yake

Kwetu Tanzania mifuko mikubwa ni miwili. Watumishi wa serikali wamo katika PSSSF, mfuko ulioanza kazi mwezi Agosti 2018 kwa kuunganishwa mifuko minne ya zamani. Watu walioajiriwa na makampuni, mashirika na makanisa, kwa kawaida wamo katika NSSF. Na watu wanaojiajiri wenyewe waweza kuingia humo kwa hiari. Katika mifuko yote miwili mchango ni sehemu 20 katika 100 ya mshahara. Katika PSSSF mtumishi hutoa 5 na mwajiri 15. Katika NSSF kwa kawaida mtumishi hutoa 10 na mwajiri 10.

Na sasa shikeni hesabu moja, maana wengi hawaijui hata siku ya kustaafu: ni 180. Mtu apataye pensheni ya kila mwezi ni yule aliyechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Aliyefikisha miezi 170 hupewa malipo ya mara moja tu, kisha basi. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima, kwa watumishi walio wengi, ni 60. Kwa hiyo mtu aanzaye kuchangia akiwa na miaka 46 amekwisha kuchelewa: akifika 60 atakuwa na miaka 14 tu.

Pensheni huhesabiwaje? Huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka, katika miaka 3 iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Wastani huo huzidishwa kwa idadi ya miezi ya kuchangia, kisha hugawanywa kwa 580. Tuseme mwalimu mmoja wa shule ana mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka, naye amechangia miezi 360. Jumla ya pensheni yake kwa mwaka ni shilingi 6,703,448. Kama angalikuwa na miezi 180 tu, angalipata nusu yake.

Lakini fedha hii haitoki yote kwa njia moja. Sehemu hutolewa kwa mkupuo, ndiyo kiinua mgongo, na sehemu hubaki kwa malipo ya kila mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2022, mkupuo ulikuwa sehemu 33 katika 100, iliyozidishwa mara 12.5. Kwa mwalimu wetu mkupuo huo ni shilingi 27,651,724, na malipo ya kila mwezi ni shilingi 374,276. Kiwango cha mkupuo kimebishaniwa sana katika nchi. Mwaka 2018 kiliwekwa 25, malalamiko yakawa makubwa, kikasimamishwa mwezi Desemba. Mwaka 2022 ikaja 33. Na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuongeza tena. Basi kila mtu aulize ofisini kiwango kinachotumika siku yake. Walakini afahamu ya kuwa, kwa hesabu hii, mkupuo ukikua malipo ya mwezi hupungua. Ni chungu kimoja: ukipakua zaidi mchana, chakula cha jioni kitakuwa haba.

4. Haki ya mtumishi wa kanisa

Hapa twafika katika kiini cha somo letu, nasi twawaomba wazee wa kanisa wasisome kwa haraka.

Mwinjilisti ndiye azikaye wafu wetu, afundishaye watoto wetu, aendaye kwa miguu mtaa wa mbali siku ya mvua. Siku atakapozeeka, usharika utamwimbia wimbo, utampa mbuzi na blanketi, kisha je? Mtume Yakobo anena habari za ujira wa watenda kazi uliozuiliwa, jinsi unavyopiga kelele mbinguni. Twazoea kuwafikiria matajiri wenye mashamba tusomapo neno hilo. Lakini mchango usiopelekwa ni ujira uliozuiliwa, hata kama aliyeuzuia ni baraza la wazee, na hata kama fedha ile ilitumika kununua mabati ya kanisa.

Tazameni hesabu. Mtumishi ana mshahara wa shilingi 300,000. Kila mwezi hukatwa 30,000, na usharika huongeza 30,000. Jumla 60,000, ndiyo 720,000 kwa mwaka. Kama mtunza hazina asipopeleka kwa miaka 5, zimekosekana shilingi 3,600,000. Tena imekosekana miezi 60, ambayo ni theluthi ya zile 180. Mtu aweza kulima tena shamba lililoharibika, lakini miezi 60 ya mtu mwenye miaka 58 hailimwi tena. Kumbukeni pia ya kuwa nusu ya fedha hiyo ilikatwa katika mshahara wake mwenyewe. Fedha iliyokatwa isipofika mfukoni, amri ya saba yaijua jina lake.

Sheria nayo haikunyamaza: mwajiri apaswa kupeleka michango ndani ya mwezi unaofuata, na achelewaye hutozwa adhabu. Usharika ucheleweshao hulipa mara mbili, kwa fedha na kwa jina jema.

Twaweza kujifunza kwa ndugu wa zamani. Mwaka 1523 washarika wa mji wa Leisnig, katika nchi ya Saksoni, waliweka sanduku la jamii, na Luther mwenyewe akaandika dibaji ya kanuni zake. Wasimamizi walikuwa 10: wawili wa wakuu, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mji, na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na vitasa 4 vya funguo mbalimbali, mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Humo mlitoka riziki ya mchungaji, na msaada wa yatima, na wa wazee waliokwisha nguvu. Hawakusema, Tunaaminiana, ya nini vitasa? Walipenda, nao kwa sababu walipenda walifunga.

Basi kila usharika ufanye mambo haya matatu. Kwanza, katika kila kikao mtunza hazina aonyeshe stakabadhi ya michango ya mwezi uliopita. Karatasi yenyewe ionekane, wala si kusema tu kwamba imelipwa. Pili, mtumishi mwenyewe aombe taarifa ya michango yake katika ofisi ya mfuko walau mara moja kwa mwaka, wala asihesabiwe kuwa mtu wa mashaka kwa kufanya hivyo. Tatu, mwinjilisti asiye na mshahara, ila posho ndogo, aandikishwe kama mchangiaji wa hiari, na usharika umtolee mchango wake kila mwezi kwa kiasi kinachokubaliwa na mfuko. Mtaa ulio maskini waweza kutenga sadaka ya mavuno kwa kazi hiyo. Ni afadhali zawadi ndogo isiyokatika kwa miaka 15 kuliko sherehe kubwa siku ya kuagana.

5. Mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wa Kigoma ni mwisho wa reli tangu mwaka 1914, na reli na meli zimewapa watu wengi kazi. Wengi wao walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Mali na madeni yake viligawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984, na kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa wastaafu wake. Lakini madai ya wazee wale yaliendelea miaka mingi. Yalifika Mahakama Kuu, na mwaka 2005 yakafanyiwa mapatano. Hata baada ya hapo wako waliosema hawajatimiziwa. Kijana aliyeacha kazi mwaka 1977 akiwa na miaka 30 alikuwa na miaka 58 mwaka ule wa mapatano.

Nani aweza kudai baada ya miaka 28? Ni yule mwenye barua yake ya kuajiriwa, na hati zake za mshahara. Basi wekeni pamoja, katika mfuko usiopenya maji: barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, namba ya uanachama, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, na hati ya kiwanja. Majina yawe sawa katika vyote. Mtu aitwaye Yohana katika ubatizo, na John kazini, na jina la tatu katika kitambulisho, atapata taabu siku ya kudai.

6. Mvuvi, mkulima na mchuuzi

Wako wengi wasio na mwajiri. Hao nao wasidhani ya kuwa somo hili haliwahusu. Mvuvi ana siku za giza zilizo njema. Atenge sehemu ya siku hizo kabla haijaingia sokoni. Achangie NSSF kwa hiari, naye pia ahesabu miezi yake 180.

Mkulima wa Kigoma ana mti wake, ndio mchikichi. Mche wa mbegu bora iitwayo Tenera, unaoshughulikiwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, huanza kuzaa kwa miaka 3 au 4, na huendelea miaka 20 na zaidi. Mtu wa miaka 45 apandaye sasa, akifika 60 atakuwa na shamba lingali na nguvu. Ila mti hukua juu, na mzee hakwei. Basi katika hesabu yake aweke ujira wa mkwezi.

Vikundi vya VICOBA ni msaada mkubwa, hasa kwa akina mama. Sanduku lao lenye kufuli 3 na wenye funguo 3 ni ndugu wa lile la Leisnig. Lakini fedha za kikundi zinazogawanywa kila mwaka ni za ada ya shule na mtaji wa biashara. Si akiba ya uzee, kwa kuwa huliwa kabla ya uzee. Mwenye fedha zaidi aweza kuuliza juu ya vipande vya mifuko ya UTT, au hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Mwenye kuweka benki ajue ya kuwa tangu mwaka 2023 Bodi ya Bima ya Amana humlinda kila mwenye amana katika benki moja mpaka shilingi 7,500,000. Jambo hili si la kinadharia tu: mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo zilizokuwa na mtaji haba.

Tena jihadharini na faida za ajabu. Mwaka 2009 serikali iliizuia DECI, iliyowaahidi watu kwamba wakipanda fedha watavuna maradufu. Wakristo wengi walijiunga, kwa maana maneno yale ya kupanda na kuvuna yalifanana na maneno ya kanisani. Lakini hapakuwa na shamba. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata, na wa mwisho hakuwa na wa kumlipa. Mtu akikuletea habari ya faida kubwa, muulize: Fedha yangu itafanya kazi gani, na nani ameisajili kazi hiyo? Asipojibu wazi, mwache aende, hata akija na Biblia mkononi.

7. Kodi na bima

Kodi tutaitaja kwa kifupi. Mchango wa mfuko hutolewa katika mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Yule mtumishi wa shilingi 300,000, akisha kukatwa 30,000 hubakiwa na 270,000; na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kiasi hicho hakitozwi kodi. Mstaafu afunguaye duka ajue nafuu ya daftari. Kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka bila daftari hulipa 100,000. Mwenye daftari kamili hulipa sehemu 3 katika 100 ya kilichozidi 4,000,000, ndiyo 60,000. Daftari la shilingi elfu chache humwokolea 40,000. Mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60 aulize pia katika ofisi ya mapato juu ya msamaha wa kodi ya jengo kwa nyumba akaayo mzee.

Ugonjwa ndio mwizi mkubwa wa akiba ya wazee. Katika bima ya NHIF mchango wa waajiriwa ni sehemu 6 katika 100, nusu kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Na mwanachama aliyestaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake wa ndoa, kwa masharti ya mfuko. Ayaulize masharti hayo mapema, kabla hajaacha kazi. Kwa wasioajiriwa, Bunge lilipitisha mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Wazee wa mitaa wafuatilie utaratibu wake, wawaeleze na wajane wasiojua kusoma.

8. Siku kiinua mgongo kifikapo

Siku hiyo nyumba hujaa wageni. Ndugu ana shida, rafiki ana biashara, fundi ana ramani ya nyumba ya ghorofa. Shauri letu ni kwamba mstaafu asiamue neno kubwa kwa miezi 6 ya kwanza. Alipe madeni yake. Atenge fungu la kumi au kiasi alichoahidi moyoni mwake. Aweke pembeni matumizi ya mwaka mmoja. Kisha aketi na mke wake, au mke na mume wake, wahesabu yaliyobaki. Asiingie kazi asiyoijua: aliyefundisha shule miaka 30 asinunue mtumbwi na mashine na nyavu kwa sababu tu ameona wengine wakishusha dagaa. Nyumba ya ndoa isiwekwe rehani wala isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya ndoa ya mwaka 1971 yakataza.

9. Wosia

Mwaka 1542 Luther aliandika wosia, akamrithisha mkewe Katharina, ili asiwe ombaomba mbele ya watu. Lakini aliuandika bila wanasheria, wala haukufuata taratibu za Saksoni. Alipofariki mwaka 1546, mjane wake alihitaji mtawala mwenyewe kuuthibitisha. Kama mjane wa Luther aliona taabu, wajane wetu je?

Basi andika wosia ungali na akili timamu na mashahidi wasiopungua wawili. Uweke mahali salama, na RITA hupokea wosia na kuutunza. Angalia pia jina la mrithi uliloandika katika mfuko siku ya kuajiriwa. Aliyeandika jina la ndugu yake akiwa kijana, akaoa, akazaa, asibadilishe, amewaachia mkewe na nduguye ugomvi badala ya urithi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kuisumbukia kesho na kuiandalia? Toeni mifano ya Maandiko.
2. Kila mmoja ahesabu: amechangiwa miezi mingapi, na imebaki mingapi kufika 180?
3. Stakabadhi ya mwisho ya michango ya watumishi wetu ni ya mwezi gani? Nani ameiona?
4. Ni mwinjilisti gani mzee katika mitaa yetu asiye na riziki sasa, naye usharika utamfanyia nini mwezi huu, wala si mwaka ujao?

Sala

Ee Bwana Mungu, uliyetulisha tangu utoto wetu, utufundishe kuihesabu miaka yetu kwa moyo wa utulivu. Uwape wenye nguvu hekima ya kuweka, na wenye dhamana uaminifu wa kupeleka, na wazee wetu mkate na heshima. Usiache ujira wa mtumishi wako ukulilie juu yetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.